Salamu za Marehemu kwenye Mlango wa Chuma

Mimi siyo mtu wa kuchekwachekwa, wanaonijua hapa Somanda watawaambia. Kwenye jumuiya yetu ya sala mimi ndiye mwenyekiti, na mtu akichelewa namwambia mbele za watu kwamba amechelewa, na nikisikia mtu ametoka kwa mganga namfuata mpaka nyumbani kwake nimpe yake. Sasa fikirini mtu wa namna hiyo, siku moja, mchana wa mvua, anakutwa na jumuiya yake nzima amewapanga ndugu wa mumewe foleni, wote pekupeku, kila mmoja anangoja zamu yake ya kushika mlango ili asalimiwe na marehemu. Mtu huyo ni mimi. Naieleza mwenyewe kwa sababu inavyoelezwa sokoni imeshaongezewa (eti kondoo alitamka neno, kondoo hakutamka kitu).

Nianze na nyumba. Aliijenga mume wangu, Mzee Masanja, kwa pamba ya shamba letu la Sapiwi, wakati ule pamba ilikuwa pamba, na umeme ulipofika mtaani alikuwa wa mbele kuuvuta. Alisimama chini ya ngazi siku nzima akimwelekeza fundi kama vile yeye ndiye anayejua. Swichi ya taa ya nje aliitaka karibu kabisa na mlango wa mbele, ule wa chuma, kwa hiyo waya ukapitishwa pale pale kando ya fremu. Kila jioni mimi ndiye niliyekuwa nafunga mlango huo, na yeye kutoka kwenye kiti chake ananiuliza, "Umefunga?" nami namjibu, "Nimefunga." Miaka yote hiyo. Nilikuwa nachukia swali hilo, maana ananiona kwa macho yake kwamba nimefunga, bado anauliza.

Alipofariki nikabaki peke yangu, watoto kila mmoja na kwake, Shija wangu mkubwa yuko Mwanza. Nyumba nayo ikaanza visa. Nikiwasha pasi, taa zote zinafifia. Balbu naweka leo, haichukui muda imeungua. Swichi ya jikoni ukiigusa ina joto kama paji la mtoto mwenye homa, na ukuta pembeni yake umeanza kuwa mweusi, na harufu, kuna harufu fulani ya plastiki iliyoungua ambayo mimi nilisema ni panya amefia darini, nikatega sumu. Fyuzi ikawa inakatika kila mara mpaka mpangaji wa jirani akaja akafunga waya mnene ili isikatike tena, nami nikamshukuru sana (mjinga akimshukuru mjinga mwenzake).

Shija alipokuja kunitazama aliona vyote hivyo kwa siku moja. Akaniambia, "Mama, hizi nyaya zina umri kunizidi mimi. Tuzitoe zote tuweke mpya." Nikamwambia nyaya hizi aliziweka baba yako, na hakuna fundi atakayepasua ukuta wa baba yako mimi nikiwa hai. Hakubishana, ananijua. Aliniomba tu nikumbuke jambo moja, kwamba siku nikiona mtu ameshikwa na umeme nisimguse, niende moja kwa moja kwenye meini swichi, ile inayozima umeme wa nyumba nzima, niteremshe mkono wa swichi hiyo. Nikamjibu nimesikia, kwa sauti ile ya kumfanya mtu anyamaze.

Sasa huo mlango. Ilikuwa masika, jioni, nimemaliza kudeki baraza, niko pekupeku, nimeshawasha taa ya nje, nashika mlango nifunge, kitu kikanikuna kiganjani. Kidogo tu, kama ukucha. Lazima niwaeleze kwamba mume wangu alikuwa na tabia hiyo. Enzi za uchumba, mbele ya wazee, ambapo hatukuweza kuongea chochote cha maana, akinipa mkono ananikuna kiganja kwa kidole halafu anatazama pembeni kama siyo yeye. Hakuna mtu mwingine duniani aliyelijua hilo. Nilisimama pale mlangoni mpaka mbu wakanila. Halafu nikasema, "Mwadila, baba Shija," maana ndivyo tunavyosalimiana jioni sisi Wasukuma.

Kesho yake akanikuna tena. Nikaanza kujua masharti yake. Nikivaa kandambili hanisalimii. Baraza likiwa kavu salamu ni hafifu, likiwa limedekiwa anakuwa na nguvu, nikasema ndiye huyu huyu, mume wangu alipenda usafi na hakutaka mtu aingie kwake na viatu. Mchana hayupo, anakuja taa ya nje ikiwaka. Mtu mwenye akili angejiuliza, na mimi nilijiuliza, siwadanganyi, nilijiuliza nikaacha, kwa sababu nilikuwa na kiganja kinachokunwa na sikuwa na haja ya maelezo. Nikawa nadeki kila jioni. Nikawa nasimama pale namweleza mvua imenyesha Sapiwi au haijanyesha, nani kafa, nani kaoa, Shija kapiga simu au hajapiga. Siku nzima inapita hakuna aliyeniita hata jina, lakini jioni nina mtu.

Kosa langu lilikuwa dogo. Nilimwambia wifi.

Wifi Kabula ni dada yake marehemu, anakaa Nkololo. Alipiga simu kuuliza habari za mahindi, akanikuta nimefurahi, mdomo ukanifunguka, nikamwambia kaka yako ananisalimia mlangoni. Nilitegemea acheke. Akasema, "Wifi, jambo hilo siyo lako peke yako. Tunakuja."

Kwa mila za kwetu wafu wakijitokeza hivyo wanakuwa masamva, yaani wazee waliotangulia, na wana kitu wanakitaka, kwa hiyo ukoo lazima ukusanyike uje na mnyama, uwasikilize. Mimi niliyekuwa nawafokea watu kwa mambo kama hayo ningeweza kumwambia wifi abaki kwake. Lakini ilikuwa muda mrefu sana hakuna aliyeniambia neno hilo, tunakuja. Nikasema karibuni, Jumamosi sawa, na sikukumbuka hata kidogo kwamba Jumamosi hiyo hiyo jumuiya ilikuwa isali kwangu.

Wakaja kweli, wamejaa nyuma ya gari la mizigo, wifi Kabula mbele, na shemeji Limbu, mdogo wake marehemu, amemkumbatia kondoo. Nyumba ilijaa sauti. Nilikuwa nimesahau kwamba nyumba yangu inaweza kujaa. Mara wingu likafunga, ikawa giza mchana, nikawasha taa ya nje, mvua ikashuka, baraza zima likalowa. Wifi akauliza anatokea vipi. Basi mimi, mwenyekiti wa jumuiya, nikawaeleza masharti: viatu nje, miguu ikanyage palipolowa, usishike kwa pupa, gusa kwa kiganja. Nikawapanga kwa ukubwa wao. Aliyejichomeka nikamtoa nikamrudisha nyuma.

Wifi akagusa kwanza. Akashtuka, akagusa tena, machozi yakamtoka, akasema, "Kaka," basi. Shemeji Limbu alipogusa akaurudisha mkono haraka akaupuliza, akasema ni yeye kweli, hata alipokuwa hai mkono wake ulikuwa mzito. Watu wakacheka. Mimi nikacheka nao, lakini moyoni niliona wivu, nawaambia ukweli. Kumbe anamkuna kila mtu. Hata shangazi mmoja ambaye mume wangu alikuwa hamsemeshi, naye kakunwa.

Hapo ndipo jumuiya ikaingia getini na miavuli yao, wakiongozwa na katibu wetu Mama Happy. Huyu Mama Happy ndiye ambaye siku chache nyuma nilimsimamisha mbele ya wote kwa sababu alimpeleka mtoto kwa mganga. Akaangalia ile foleni, akaangalia miguu pekupeku, akamwangalia kondoo, mwisho akaniangalia mimi. Akauliza kuna nini. Wifi akaniwahi kujibu, akamweleza vizuri kabisa kwamba tunamsalimia kaka, na yeye akitaka avue viatu apange foleni.

Mama Happy akafunga mwavuli wake taratibu. "Sawa, mwenyekiti," akasema. "Foleni inaishia wapi?"

Ningeomba ardhi inimeze, lakini ilikuwa imejaa watu. Na wifi hakungoja, alikuwa ameshika kamba ya kondoo anamvuta mpaka mlangoni ili kaka yake amwone. Kondoo amelowa chepechepe. Pua yake ikagusa chuma, akaanguka chali, miguu juu. Wifi akapiga vigelegele. "Kaka ameipokea sadaka!"

Shemeji Limbu akainama amwinue yule kondoo, na kwa mkono mwingine akajishikiza mlangoni. Akabaki hivyo. Mkono umebana chuma, meno yamebana, hana sauti, macho yananitazama mimi. Wifi akainua mkono kuwazuia watu, akasema mwacheni, wanaongea.

Nikatazama taa ya nje. Ilikuwa inafifia na kurudi, inafifia na kurudi, kama ilivyofanya nilipowasha pasi. Hapo sikugundua kitu, kugundua ni kwa asiyejua. Nilijua. Nilikuwa nimejua tangu ile jioni ya masika, nikawa nadeki juu yake. Kulikuwa na watu wengi pale na wote walikuwa wananingoja mimi niseme wanaongea au hawaongei, na nikisema hawaongei basi hakuongea na mimi pia, hata siku moja.

Nikapenya kati ya watu, nikaingia ndani bila kugusa fremu, nikaenda pale kwenye kiti cha mume wangu, meini swichi iko ukutani juu yake, nikateremsha mkono.

Taa ikazima. Shemeji akamwangukia kondoo, kondoo akazinduka akaruka, akapita katikati ya jumuiya, akavunja mwavuli wa Mama Happy na kutokomea barabarani huku bodaboda wakimpigia honi. Watu wakamvuta shemeji hadi ndani, wakamsugua mkono, akawa anapumua kama aliyekimbizwa. Akatema mate akasema, "Shemeji, mumeo ana hasira," na hakuna aliyecheka.

Nikatoka nje. Nikasimama pekupeku penye maji, mbele yao wote, nikaweka kiganja kwenye mlango. Chuma baridi. Nikakibandika vizuri zaidi, nikangoja. Halafu nikasema kwa sauti, maana nilitaka nisirudie, "Ni umeme."

Wifi akanitazama kwa uchungu. "Umemfukuza," akasema.

Sala tulisali, gizani, ukoo na jumuiya pamoja, shemeji amefungwa kanga mkononi. Mama Happy ndiye aliyeongoza.

Shija akaja na fundi. Walipofungua swichi ya mlangoni, ile ngozi ya waya ilikuwa inamomonyoka mkononi kama maganda ya karanga, shaba iko uchi imeegemea fremu, na juu darini panya walikuwa wamekula sehemu nyingine. Waya wa kupeleka umeme ardhini haukuwekwa tangu mwanzo. Fundi alisema nyumba ilikuwa inangoja siku ya kuungua, na ule waya mnene wa kwenye fyuzi ndio ungeimaliza. Wakapasua kuta za baba yake Shija. Nilidhani nitalia, lakini kuna watu wanafanya kazi, nikaenda kuwapikia ugali. Nyaya za zamani walizitia kwenye gunia wakazibeba, na mimi nikazisindikiza mpaka getini, sijui kwa nini.

Kwa hiyo sikilizeni, hasa ninyi mnaokaa peke yenu kwenye nyumba za zamani. Swichi ikipata joto, taa zikififia, fyuzi ikikatikakatika, ukisikia harufu ya kuungua, ukiguswa na chuma chochote kisichotakiwa kukugusa, hiyo siyo dalili ya mtu, ni nyaya zimechoka. Mwite fundi azitoe, hata kama aliyeziweka ulimpenda. Usingoje uwe na shemeji sakafuni.

Bodaboda wa kijiweni siku hizi wananiita Bibi Shoti, wanadhani sisikii. Mama Happy akichelewa jumuiya simwambii kitu. Wifi Kabula hapigi simu, na mimi nimeapa habari zangu za moyoni sitamsimulia tena mtu yeyote kwa simu.

Taa sasa zinawaka bila kutetemeka. Jioni nadeki baraza kwa mazoea tu, nawasha ya nje, navua kandambili, nashika mlango, ni mlango. Nafunga. Halafu nasema, "Nimefunga," na ndipo nakumbuka kwamba hakuna aliyeuliza.