Vidole vya Clifford Sugden

Clifford Sugden alipanga herufi za kuchapia, zilizotengenezwa kwa madini ya risasi, tangu ujanani, katika kiwanda kidogo cha uchapishaji cha Ormerod, mjini Halifax. Tulichapa ratiba za ibada, matangazo ya minada na menyu za hoteli. Karibu kila karatasi ilikuwa na orodha, na hakuna iliyopigwa chapa kabla yeye hajaipitisha.

Brenda Holroyd ndiye aliyemsomea maandishi ya mteja kwa sauti, pamoja na kila mkato na kila nukta, huku Clifford akilinganisha na herufi zilizopangwa. Walichokozana kutwa.

"Leo nukta zako mbili zimeamkaje, mzee?"

"Zimeamka vizuri kuliko wewe. Jana umesema 'Chakula cha leo ni', papo hapo ukatia nukta mbili. Nani kakufundisha?"

"Si kuna orodha hapo?"

"Orodha ipo, ila sentensi haijakaa chini. Mwache mtu amalize: 'Leo tuna vyakula vitatu.' Hiyo sasa imetosha. Ile nukta ya mwisho igeuze iwe mbili, kisha mwaga supu, nyama na keki, na mikato katikati. Humkabi mtu koo anapoongea."

"Mkeo ana kazi!"

"Mke wangu humaliza sentensi zake zote. Hiyo ndiyo shida."

Kisha macho yake yakaanza kuingia ukungu. Kwanza aliinama mpaka pua ikapata wino. Baadaye akawa anasoma kwa kidole. Alikipitisha juu ya herufi zilizofungwa kwenye fremu: nukta moja, kipele kimoja, nukta mbili, vipele viwili. Hakukosea. Tuliojua ni Brenda na mimi, kwa kuwa mashine yangu ilikuwa jirani na meza yake.

"Msiseme," alituomba. "Nikitoka hapa naenda wapi? Nyumbani kuna kiti na dirisha. Na dirisha lenyewe silioni."

Hatukusema. Maadamu risasi ilikuwapo, Clifford alikuwa na kazi.

Mzee Ormerod alipofariki, mwanawe alinunua kompyuta. Maneno yakaanza kutoka yamechapwa kwenye karatasi laini kama kioo, na kidole hakikuwa na cha kushika. Brenda akaamua kumsomea hiyo karatasi yenyewe, naye Clifford akasahihisha kwa masikio. Tulidhani tumepona. Kumbe ulimi wa Brenda ulikuwa umeshafundwa kupita kiasi. Kila alipofika kwenye orodha alitamka nukta mbili mahali pake, hata pale ambapo karatasi haikuwa nazo. Clifford aliitikia, "Sawa, endelea," na makosa yakaenda kwa wateja. Ratiba za sikukuu ya kanisa zilirudishwa maboksi mazima.

Ormerod kijana alimwita Clifford kwenye meza ya dirishani, akampa karatasi.

"Nionyeshe kosa hapo, mzee. Moja tu."

Clifford aliisogeza usoni, akaigeuza, akaiweka mezani. Mashine zilikuwa zimenyamaza. Kidole chake kikaondoka chenyewe, kikaanza kutembea kwenye karatasi, mstari kwa mstari, polepole.

"Mzee Clifford," Ormerod alisema kwa upole, "huo ni upande mtupu."

"Bosi, mimi ndiye niliyekuwa namsomea vibaya," Brenda alidakia.

"Najua, Brenda. Rudi kazini."

Sisi wachapaji, mwenzetu anapoaga kazi, hatumsindikizi kwa hotuba. Kila mtu hushika nyundo au kipande cha chuma, akapiga meza kwa nguvu zote mpaka anayeondoka avuke lango. Ijumaa ile Ormerod alipomwachisha kazi, tulimpigia Clifford. Alisimama amevaa koti, mkono ukutani, akapaza sauti. Watu walidhani anashukuru, wakazidisha.

Mimi nilikuwa karibu, nikamsikia.

"Acheni! Sijaomba kuondoka! Nitafagia, Ormerod! Nipe ufagio tu, nitafagia!"

Nilishusha nyundo. Nilipiga kelele waache, lakini sauti yangu haijawahi kufika mbali. Ormerod naye alikuwa akipiga pamoja na wengine, ameinamisha uso, akipiga kwa heshima kabisa. Brenda alimshika Clifford kiwiko akamwongoza uani, naye bado midomo yake ilikuwa ikitamka ufagio. Vyuma havikunyamaza mpaka lango lilipofungwa nyuma yake.