Kitambaa Kisichofuliwa

Juma lililopita jirani yangu aliniletea vidonge vya rangi mbili, nusu vyekundu nusu vya njano, akitaka nimsaidie kuvifungua achanganye unga wake kwenye maji ya kuku. Nilipofungua cha kwanza, ile harufu chungu ikanipanda puani, nikavuta kiti nikakaa. Jirani alidhani nina kizunguzungu. Ninyi nitawaambia ukweli: nilikuwa nimerudi Panda, mtaa wetu wa Likasi, nyuma ya nyumba yetu ya kambi ya wafanyakazi, nina miaka tisa, na Georgette anaumwa.

Georgette alikuwa ng'ombe. Baba alimpa jina la shangazi yangu, kwa heshima, alivyodai, kwa kuwa wote wawili walikuwa wapole na wanene. Shangazi alikaa miaka miwili bila kukanyaga kwetu. Baba alikuwa amepoteza kazi kiwandani, na kilichotulisha kilikuwa maziwa ya Georgette na ya binti zake wawili, Solange na Bijou. Mama alikamua asubuhi, majirani wakaja na chupa zao. Kazi yangu ilikuwa kupangusa viwele kabla mama hajaketi. Nilipomfikia Georgette aliniwekea kidevu begani, kizito, chenye joto, akinipumulia harufu ya majani, na sijui kama kuna aliyewahi kunipenda waziwazi namna ile tena.

Asubuhi moja maziwa ya chuchu yake moja yalitoka na mabonge, kama maziwa yaliyokatika jikoni. Upande ule wa kiwele ulikuwa mgumu na wa moto. Nilipougusa aliinua mguu, yeye ambaye hakuwahi kumpiga mtu teke. Jirani mmoja alisema ni jicho la watu, maana nani asingetuonea wivu kwa ng'ombe watatu.

Sisi tulikuwa watu wa maombi. Mama alichukua kitambaa cheupe nilichokuwa nikipangusia, akakipeleka kanisani, kikatiwa mafuta na kuombewa na akina mama wote. Hakuna aliyesema kisifuliwe. Ni sisi wenyewe tulioona kwamba ukikifua, unafua na upako wake. Basi kila asubuhi nilipangusa nacho. Nilianza na Georgette, kwa kuwa ndiye aliyehitaji baraka kuliko wenzake, kisha Solange, kisha Bijou, ili nao wakingwe. Nilisugua kwa imani, tena nikiimba.

Maombi hayakumzuia mama kwenda famasi. Alirudi na vidonge kama vile vya jirani, dawa ya watu si ya ng'ombe, akavifungua kwenye maji yaliyochemshwa, akavuta kwa bomba la sindano lisilo na sindano, akayasukuma ndani ya chuchu huku baba akishika mkia. Siku ya pili maziwa yakatoka safi. Tulipiga magoti palepale kwenye samadi. Vidonge vilivyobaki mama alivifunga kwenye karatasi akaviweka kabatini, maana katika nyumba ya watoto watano homa haikosekani. Wiki haikuisha, mabonge yakarudi, na safari hii pamoja na maji ya njano. Halafu Solange akaugua. Halafu Bijou. Nami kila asubuhi nilizidisha kusugua.

Ndipo baba akamleta daktari wa mifugo, mzee aliyekuja kwa baiskeli, mkoba wake umefungwa nyuma kwa mpira. Alikamulia kidogo kidogo kwenye kifuniko cheusi, akatazama, akatikisa kichwa. Kisha akauliza, kwa Kiswahili chetu cha Likasi.

"Njo nani anazipangusaka?"

"Ni minye," nikajibu kwa fahari.

"Unaanzaka na gani?"

"Georgette, juu ni yeye njo iko mugonjwa."

Akaomba kukiona kitambaa. Alikinusa, akakikunja taratibu, akamtazama mama, si mimi. Kwa sauti ya chini akaeleza kwamba kuna vijidudu vinavyotoka kwenye matope na mavi, na kuna vingine vinavyoishi ndani ya kiwele chenyewe, ambavyo haviendi popote mpaka mtu avibebe, kwa mkono au kwa kitambaa. Alidhani vya kwetu ni hivi vya pili. Vinajichimbia ndani ya nyama, na dawa tuliyoikatisha siku ya pili ilivitisha tu. Solange na Bijou angewajaribu: alitoa mirija midogo ya dawa ya kuingiza kwenye chuchu, tusikatishe hata kama maziwa yatakuwa safi, na maziwa ya siku zote hizo yamwagwe. Kila ng'ombe apate kitambaa chake, na mgonjwa akamuliwe mwisho. Kwa Georgette hakufungua mkoba. Ule upande umekufa, alisema, dawa haifiki tena huko, na akibaki ataendelea kuwaambukiza wanawe.

Nilimwomba daktari. Nilimwambia nitaamka mapema zaidi. Alinishika kichwa tu, akapanda baiskeli yake. Mchinjaji alikuja siku ya Alhamisi nikiwa shuleni, na niliporudi Solange alikuwa analia kwenye zizi. Mimi sikulia. Nilikwenda nyuma ya choo nikajing'ata mkono uliosugua.

Jumapili mama alisimama kutoa ushuhuda. Nilijua sasa kanisa zima litaambiwa nilichofanya. Mama akasema, "Ni minye njo nilipangusa ngombe yote na kitambaa moja. Minye mwenyewe, na mikono yangu." Watu wakaguna kwa huruma. Nami, badala ya kushukuru, nilichemka. Mama alikuwa amesema uongo mbele ya Mungu, na juu ya Georgette! Kwa miezi nilimjibu kwa mkato, na yeye hakuwahi kuniuliza kwa nini.

Wahenga walisema ng'ombe haelemewi na nunduye. Methali hiyo niliisoma darasani bila kuielewa. Ilinibidi kwanza nizae, siku moja nijikute nimesema mbele ya watu kosa la binti yangu ni langu, na neno linitoke kabla sijalifikiria, ndipo nikafahamu mama alifanya nini Jumapili ile.

Mwaka jana nilikwenda Likasi makusudi kumwambia. Amezeeka sasa, mambo mengi yamempotea. Niliketi kitandani pake, nikamshika mkono.

"Mama, Georgette ni minye njo nilimupangusaka. Haikuwa weye."

Alinitazama kwa huruma, kama mtu anayemsahihisha mtoto.

"Hapana. Weye ulikuwa mutoto. Ni minye njo nilimuua."

Akaanza kulia, kilio cha kweli. Nilirudia, nikaapa, nikamtajia kila kitu, naye akawa anatikisa kichwa na kuniomba nimsamehe.