Presha ya Mama Mkwe

Mama mkwe wangu alikuwa na presha ya kujivunia. Wengine hujivunia ng'ombe wa gredi, wale wa maziwa mengi. Yeye alijivunia presha, na aliyemletea, kwa maneno yake, ni mimi.

Nilikuwa mwaka wa kwanza chuo cha uuguzi, Kisii mjini. Kila Ijumaa nilirudi Marani kwa mume wangu, na mwalimu alituruhusu kubeba mashine ya kupima presha tukafanye mazoezi nyumbani. Siku moja nikamwomba mama mkwe mkono wake. Ndio kwanza alikuwa ametoka kupeleka majani chai, amepanda mlima na kikapu mgongoni, sweta mbili mwilini, na mdomo haupumziki.

"Mama, kaa kwanza upumzike, halafu uvue sweta," nikamwambia.

"Baridi yote hii unataka kunivua nguo? Funga hapo hapo!"

Nikafunga. Akaendelea kuongea huku mkono unaning'inia kando ya kiti. "Imefika wapi?"

"Mia moja na sabini. Lakini, Mama, hii si ya kuamini, lazima..."

Hiyo "lakini" haikumfikia. Sabato iliyofuata akina mama wa kanisa walikuwa wamemzunguka wakimpa pole, naye anazipokea kama bibi harusi. Kwetu watu hawasemi presha imeletwa na chumvi, au kwamba ni ya ukoo. Presha huletwa na mtu. Ukiipata, swali la kwanza ni nani amekukosea.

"Huyu msichana wa Kebirigo ataniua," akawaambia. "Nyumba hajui kufagia, lakini kusoma, ah, kusoma anajua!"

Kebirigo ndiko nilikozaliwa, na mimi ni Mgusii kama yeye, lakini akikasirika alinisemesha Kiswahili, vile anavyosema na polisi wa barabarani. "Wewe, leta maji." "Wewe, kuku imekula?" Nilimchukia. Siombi msamaha kwa hilo, alinichukia yeye kwanza.

Mume wangu ni mtu wa kunyamaza. Alinipenda, nasema bila haya, na alikuwa amekubali mimi nisome. Lakini kusukumwa na mama yake kila asubuhi anitoe chuoni kunachosha hata mpole. Mwishowe akasema, "Jumapili utampima mbele ya watu. Kama presha ni ya kweli, utaacha chuo. Siwezi kumzika mama yangu kwa ajili ya masomo."

Basi Jumapili akina mama watatu wa kanisa wakaja kushuhudia. Safari hii sikubembeleza mtu. Mama mkwe hakupewa chai. Nikamtuma chooni kwanza, nikamvua sweta zote, nikamkalisha kwenye kiti chenye mgongo, miguu chini, mkono mtupu juu ya meza, usawa wa moyo. Nikafunga mkanda juu ya ngozi. Kilichobaki ni anyamaze dakika tano, na hapo ndipo palipokuwa na kazi.

"Ati ninyamaze kwangu? Nani ameniolea huyu..."

"Tuombe kwanza," nikasema, nikamwashiria mume wangu. Maombi ndiyo peke yake yaliyomfunga mdomo mama yule. Mume wangu akaomba, akaombea ng'ombe, majani chai, wagonjwa na wasafiri, na mimi naangalia saa. Aliposema amina nikajaza hewa, nikaifungulia polepole, nikisikiliza. Mia moja ishirini na nne kwa themanini. Nikangoja kidogo, nikarudia. Ile ile.

"Mama ni mzima," nikasema kwa sauti. "Mzima kabisa! Presha hana, na hata ile ya kwanza ilikuwa ya mlima na sweta."

Haki ya Mungu, nilifurahi. Wale wanawake walianza kutazama viatu vyao. Nilikuwa nimemnyang'anya ugonjwa wake mbele ya kanisa, na ningeweza kumnyang'anya tena siku hiyo hiyo.

Mume wangu akacheka, mara ya kwanza baada ya miezi kadhaa. Akakunja shati. "Haya, daktari, nipime na mimi."

Nikampima vilevile, bila kuruka kitu: miguu, mgongo, kimya, dakika tano. Sindano ya mashine ikaanza kushuka na mapigo yakaanza mapema, juu kabisa. Nikadhani masikio yananidanganya. Nikangoja, nikapima tena, nikahamia mkono wa pili. Mia moja tisini kwa mia moja kumi na tano. Mtu wa miaka thelathini na minne.

"Ngapi?" akauliza. Nikamwambia, na nikamwambia twende hospitali leo, si kesho, kwamba dawa zipo.

Hakuna aliyeniambia nimekosea kupima. Nilikuwa nimewafundisha wote namna ya kuamini ile mashine. Mama mkwe alisimama akavaa sweta zake, moja baada ya nyingine, bila haraka. Mume wangu alishusha mkono wa shati, akafunga kifungo.

"Kumbe Mama alisema kweli," akasema. "Alikosea mtu tu."

Jumatatu aliirudisha mashine chuoni yeye mwenyewe, akawaambia siji tena. Vidonge hataki hata kuviona, anasema dawa yake ni mimi kutulia nyumbani. Nimetulia, huu mwaka wa pili. Kichwa kikimuuma anaweka kijiko chini, ananitazama.