Mlango wa Mashine ya Kusaga

Mume wangu anaendesha mashine yetu ya kusaga hapa Rubondo, katika makazi ya wakimbizi, ya dizeli, ndani ya chumba cha matofali chenye mlango mmoja. Mlango huo ndio ugomvi wetu. Anaufunga anaposaga ili upepo usipeperushe unga wa watu, na moshi wote unabaki naye ndani. Jioni anarudi mweupe kichwani, mweusi puani. Zamani nilimcheka. Sasa anakohoa mpaka anashika ukuta, na mimi sina raha, siwezi hata kukaa chini nimenye viazi.

Wiki iliyopita nilimpeleka hospitali mjini Mbarara. Daktari alimsikiliza mgongoni kwa muda mrefu.

"Mzee, hii moshi ya dizeli inaharibu kifua yako," alisema. "Fungua mlango, ama wacha hiyo kazi."

Tulirudi kwa pikipiki, nayo ikitutemea moshi wake. Niliichukia, kisha nikaona aibu, maana bila petroli yake tungefikaje kwa daktari? Na bila mashine je? Kule Kivu ya Kusini mama yangu alitwanga muhogo mpaka viganja vikawa vigumu kama kwato. Vyangu ni laini. Nayajua yote hayo, na bado roho haikutulia.

"Nikiacha," mume wangu aliniuliza nyumbani, "bamama batatwanga na mikono tena?"

"Batwange! Mi nataka bwana, sitaki bunga!"

Kesho yake hakuweza kuinuka. Wanawake walikuwa wameshapanga ndoo zao, basi nikaenda mwenyewe, kwa hasira. Nilizungusha mpini mara tatu, injini ikawaka. Mlango niliuacha wazi kabisa, nikauwekea jiwe.

Wa kwanza alikuwa mama mgeni, ametoka juzi tu Kabazana, kituo cha kupokelea wakimbizi, akapewa kiwanja hapa kwetu, na mahindi yake hayakujaza hata bakuli. Upepo ukaingia. Unga ukaruka mpaka nje, naye akaukimbilia kwa mikono miwili, akiukinga kwa kitenge.

"Mama, funga mulango! Bunga ya batoto inaenda na mupepo!"

Nililitazama lile bakuli. Nikalisukuma jiwe kwa mguu, nikafunga.

Nilisaga mpaka ndoo ya mwisho. Jioni nilipoingia nyumbani, mume wangu alijiinua kitandani, akaniangalia puani. Hakucheka.