Unga Nyuma ya Mtungi

Wifi yangu ndiye aliyeukuta. Ulikuwa unga mweupe uliofungwa katika kipande cha gazeti, nyuma ya mtungi wa maji ya kunywa. Alitoka nao uani ameushika kwa ncha za vidole, jirani mmoja akimfuata nyuma.

"Kaka, angalia. Hii ndiyo inakumaliza."

Mume wangu alikuwa amekaa kwenye jamvi, amekonda mpaka shingo imekuwa ndefu. Tumbo lilikuwa likimkata tangu mvua zianze, na lori alilopelekea magogo kwenye mgodi wa shaba lilikuwa limelala tu. Aliutazama ule unga, kisha akanitazama mimi. Jioni nilipompakulia ndizi, alisema ameshiba.

Nilikuwa mgeni Bwera, karibu na mpaka. Nilizaliwa Kitswamba, kwa wakulima Wakristo, nikasilimu ili niolewe. Usoni hakuna aliyeniambia kitu, lakini kesho yake nilisikia majirani wakisema ng'ambo ya ua: "Mutu hawezi kuacha dini ya mama yake bure. Iko kitu alifuata."

Mimi nami nilikuwa na langu moyoni. Nyuma ya mtungi nilifagia kila asubuhi, na asubuhi ile hapakuwa na kitu. Aliyeukuta ndiye aliyeuweka, nilijiambia. Nikawa sinywi maji mpaka nimemwona wifi akinywa kwanza.

"Tuupeleke mgodini," nikamwambia mume wangu. "Kule wako watu wanaopima mawe wajue yana nini ndani. Watatuambia."

Wifi akadakia upesi. "Ya nini kujisumbua? Fundi ya uganga iko hapa hapa, akitazama tu anajua."

Upesi ule ulinitia shaka zaidi. Nadhani hata mume wangu aliuona, kwa sababu aliutia unga katika kopo la sigara, akalifunga kwa kamba, na tangu hapo hakumruhusu yeyote kati yetu kuligusa. Rafiki yake alituendeshea lori, wifi akabaki nyumbani. Tulipita Kasese, ambako reli ilikuwa ngeni bado na watu walisimama kutazama mabehewa, tukapanda hadi mgodini. Njia nzima kopo lilikuwa mapajani mwake, na mkono wake juu ya kopo.

Mpimaji alikuwa Mhindi wa makamo aliyefahamiana na mume wangu kwa ajili ya magogo. Tulipomweleza, hakucheka.

"Kwanza natafuta ile sumu ya dawa ya kuogesha ng'ombe," alisema. "Hiyo ndiyo mbaya."

Alitia unga kidogo katika chupa yenye asidi na vipande vya zinki, akawasha hewa iliyotoka kwenye kijibomba, akasogeza kisahani cheupe kwenye ule moto. "Kama iko, sahani nakuwa nyeusi." Nilikikodolea macho kisahani kile. Kilibaki cheupe. Mume wangu alishusha pumzi, lakini hakunitazama.

Kisha mpimaji akayeyusha unga mwingine katika maji, akadondosha amonia. Kama ingekuwa shaba, alisema, maji yangekuwa buluu. Hayakuwa buluu, yalifanya utando mzito mweupe kama uji. Akadondosha dawa nyingine, akachoma chembe motoni akiitazama kupitia kioo cha buluu, mwisho akapasha unga mkavu katika kijiko. Ukachemka, ukaumuka kama povu la sabuni.

"Mama, hii hapana sumu. Hii shabu. Ile jiwe ya kinyozi, nafunga damu. Mutu amesaga tu." Akamgeukia mume wangu. "Kidogo hivi haiwezi kukondesha wewe hivyo. Enda kwa daktari."

Daktari alimkuta na amiba, akampa dawa.

Tuliporudi, wifi alisikia neno "shabu" akakaa chini pale pale mlangoni. Mto ulikuwa umechafuka kwa mvua, alisema, na wanawake wa ng'ambo ya mpaka walimfundisha kusafisha maji kwa shabu. Kaka yake alipozidi kuumwa aliogopa kuwa ni yeye aliyemdhuru. Alikuwa akienda kuutupa unga, jirani akaingia jikoni akamkuta nao mkononi.

"Nikasema nimeuokota. Neno lilitoka lenyewe, wifi."

Nilimwamini. Lakini mume wangu hakuniomba radhi, na hilo sikulivumilia. Nikafunga nguo zangu nikaenda kwetu.

Alikuja Kitswamba alipopata nguvu za kuendesha. Alimpigia mama yangu magoti, akasema, "Mama, nilimshuku mtoto wako bure."

Mama alikuwa akichambua maharage, hakuinua kichwa. "Hapa hakuna aliyemshuku. Kaseme Bwera."

Akaenda. Ijumaa, watu walipotoka kuswali, alisimama nje ya msikiti akayasema yote, na jirani yule akiwa amesimama karibu. Wifi ndiye aliyekuja kunisimulia, kwa miguu sehemu kubwa ya njia. Nilimpikia, akala, tukalala kitanda kimoja, na asubuhi tukaondoka pamoja kurudi Bwera.