Mpiga Ngoma Wakati wa Kwaresima

Kuanzia Jumatano ya Majivu mpaka mkesha wa Pasaka, ngoma za kanisa hazipigwi, iwe ibadani au msibani. Mpiga ngoma wa kigango chetu hapa Kitahana hangoji kukumbushwa. Huzifunika kwa kitenge na kuzifungia stoo, kisha Jumapili huketi benchi la nyuma, viganja vyake vyenye sugu amevikalia, kwa sababu kwaya ikianza tu vidole hutaka kucheza. Vijana humtania, "Baba, hata vidole vinafunga?" Hujibu kwa sauti yake nzito, "Hivyo ndivyo vyenye njaa zaidi."

Mwaka huu mama yake alifariki katikati ya Kwaresima. Alikuwa ameomba azikwe kwa ngoma, kama walivyozikwa wazazi wake Burundi, na wanawe wote walimsikia. Makaburini kaka yake mkubwa, Niyongabo, alimkabidhi vijiti vya ngoma mbele ya watu. "Mdogo wangu, piga. Mama alikuomba wewe." Akavipokea, akaviweka chini. "Nitampigia Pasaka, kaka." "Pasaka! Kwani atafufuka aje kucheza?" Mpiga ngoma alianzisha wimbo wa kumwombea marehemu, polepole, mikono ameifumbata kifuani, nasi tukamfuata mpaka kaburi likafukiwa.

Pasaka alikwenda pale akapiga mpaka jua likawa kali. Niyongabo hakuja. Shamba la mihogo walilolima pamoja tangu ujana wamelikata katikati, na hawasalimiani.