Fataki ya Rangi ya Majani

Shemeji yangu aliyekaa ng'ambo miaka mingi alinivuta kando kwenye harusi moja kule Wusi, pilau ikiwa bado mdomoni, akaniuliza ni risasi gani naipenda zaidi kwa swala. Huko alikokuwa, alisema, wanaume hubishana juu ya jambo hilo mpaka chakula kinapoa, kila mmoja na namba yake. Nikamwambia yangu haina namba. Yangu ni ya kahawia. Alicheka akidhani namtania, nami nikamwacha acheke, kwa sababu kisa chenyewe si cha kusimulia umesimama na sahani mkononi.

Sasa nimekaa, kwa hiyo nitakieleza.

Kwanza ijulikane kwamba hatuwindi. Uwindaji ulipigwa marufuku Kenya kabla sijazaliwa, na mimi nililipwa mshahara kuwasaka wanaotega nyaya. Nilikuwa askari wa wanyama katika ranchi ya jamii, mwendo wa saa moja kutoka Voi, kule ambako ng'ombe na tembo wanagombania birika moja la maji. Bunduki ninayoizungumzia ni ile ya sindano. Inarusha dawa ya usingizi, mnyama analala, daktari anamtoa waya, kisha anaamshwa aende zake. Lakini sindano hairuki yenyewe. Nyuma yake unaweka fataki, kikopo cha baruti kidogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho, na nguvu ya fataki unaijua kwa rangi. Kahawia ndiyo dhaifu, halafu kijani, halafu manjano, halafu nyekundu, ambayo inalia kama mlango wa chuma uliobamizwa na upepo.

Wanaume wa kambi yetu waliipenda nyekundu, na sijui kwa nini nilitarajia vingine. Dereva wetu, mtu mwema mwenye kifua kipana na maoni juu ya kila kitu, alisema fataki isiyolia ni ya kufukuzia panya. Nyekundu na manjano zilikuwa zikiisha kila mara. Kopo la kahawia lilikaa kabatini limejaa pomoni, vumbi juu, hakuna aliyelitaka.

Daktari wetu wa wanyama alikuwa mtu wa Mombasa, na Kiswahili chake kilikuwa kile kilichonyooka cha kwao. Hakusema kijani. Alisema rangi ya majani. Kwake majani ni yale yaliyo mtini. Mimi nimezaliwa Werugha, kwenye ukungu, na kwetu ukitumwa dukani ulete majani na sukari, ukirudi na mchicha utachapwa. Majani ni yale ya chai. Yako kwenye kopo na rangi yake ni ya udongo uliolowa. Kabla ya siku hiyo hakuna hata mmoja wetu aliyejua kwamba kuna majani ya aina mbili.

Siku yenyewe tulikuwa ndani ya gari, hatua kama thelathini kutoka kwa swala pala dume aliyekuwa na waya mguuni. Daktari alikuwa amesimama kichwa nje ya paa, jicho kwenye bunduki. Akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka, akaninong'oneza nimpe ya majani. Nikampa ya kahawia, haraka na kwa fahari, kwa sababu ndiyo mara ya kwanza alikuwa ameniachia kisanduku cha fataki. Bunduki ikasema puf, basi. Sindano ikaenda ikachoka njiani, ikaanguka mbele ya miguu ya swala.

Swala akainamisha kichwa akainusa.

Daktari akageuka akaniuliza nimempa nini. Nikasema nimempa ya majani kama alivyosema. Aliitazama ile fataki tupu, akaelewa, na dereva naye akaelewa, akacheka mpaka akaangukia usukani kwa kiwiko na honi ikalia. Hapo ndipo swala alipokimbia. Tulimtafuta siku mbili. Siku ya tatu tulipata pembe na kipande cha ngozi ambacho fisi walikuwa wamekiacha, na waya bado umekaza kwenye mfupa.

Daktari hakunigombeza. Alisema tu, kwa adabu yake, kwamba kuanzia sasa fataki atazishika mwenyewe na mimi nitabeba maji. Heri angenigombeza. Wenzangu nao wakaanza kunisalimia asubuhi kwa kuniuliza kama chai iko tayari. Nilikuwa nikicheka nao, halafu naenda nyuma ya tangi la maji la kambi kulia kwa hasira.

Mwezi uliofuata nilikwenda nyumbani kwa likizo, nikamweleza mama yote. Alisikiliza hadi mwisho huku akifunga kamba ya ng'ombe.

"Sasa wewe ulikosea nini?" akasema. "Majani si ni majani?"

Nilimpenda kwa hilo, lakini halikunisaidia. Kilichonisaidia ni ndoo. Jioni ile nilikwenda kukamua, na hasira zangu bado ninazo, nikaibwaga ndoo chini kwa nguvu. Ng'ombe akaruka kabla mkono wangu haujamgusa. Mama akanifokea nipunguze makelele au nitoke zizini. Nami nikabaki nimeshika kiti cha kukamulia, namfikiria yule swala. Alikuwa amenusa. Sindano ilianguka karibu na pua yake na hakukimbia mpaka aliposikia honi. Nikakumbuka wote tuliowakosa kwa nyekundu na manjano, jinsi walivyokuwa wakiruka mlio unapotoka, sindano ikipita mahali walipokuwa wamesimama. Mlio ulikuwa ukifika kwanza. Wee! Tulikuwa tunawapigia hodi halafu tunashangaa wametoka kwa mlango wa nyuma.

Niliporudi kambini nilimwendea daktari na kumuuliza kama kuna mtu anayelitaka lile kopo la kahawia. Akasema halina mwenyewe. Nikaomba nijifunze nalo saa za chakula, sindano ikiwa na maji tu. Akakubali, nadhani kwa kunihurumia. Nikajaza gunia katani iliyotupwa karibu na shamba la mkonge, nikalitundika kwenye mgunga. Hatua thelathini, sindano ilianguka. Ishirini, ilifika imelegea. Kumi na tano, ukilenga kiganja kimoja juu ya unapotaka, iliingia kila mara.

Dereva aliuliza ni mnyama gani wa porini atakayekubali nimsogelee hatua kumi na tano, labda kama nimemwalika chai. Nikamjibu kwamba mimi simsogelei mtu, mimi nitakaa yeye anisogelee. Kiangazi kizima nilijifunza kukaa. Ni kazi ngumu kuliko kulenga, hasa kwa mtu wa mdomo kama mimi.

Ndipo akaja tandala. Ni mnyama mwenye haya, mwenye michirizi myeupe ubavuni na pembe zilizosokotwa, haonekani mpaka atake. Huyu alikuwa dume aliyekomaa, na waya ulikuwa umemkata shingo pande zote hata kumeza maji kukawa shida. Ukikaa upande wa upepo ulisikia harufu ya kidonda. Daktari alimjaribu mara mbili kwa fataki ya manjano, na mara mbili tandala aliruka mlio ulipotoka, sindano ikapotelea vichakani. Jumatano wakubwa wa ranchi wakaleta neno: asipopatikana kufikia Ijumaa, apigwe risasi ya kweli apumzike. Daktari alikubali. Alikuwa amechoka, na macho yake yalionyesha.

Nilimfuata mezani alipokuwa akiandika ripoti. Nilijua kwamba nikikosa, huyu naye anakufa mikononi mwangu, wa pili, na maji nitayabeba mpaka nistaafu.

"Nipe asubuhi ya kesho," nikasema.

"Kwa fataki gani?"

"Ya majani."

Akainua macho. "Majani yepi?"

"Ya chai, daktari."

Hakucheka. Akafunga ripoti na kusema dawa atatia yeye mwenyewe, lakini bunduki nitaibeba mimi.

Alfajiri nilikuwa nimeshaketi kando ya birika, nyuma ya matawi niliyoyasimamisha siku nyingi kabla ili wanyama wayazoee. Upepo ulitoka milimani ukinipiga usoni. Daktari na dereva walikuwa mbali, nyuma ya tangi linalojaza birika, na dereva nilikuwa nimemwambia kwamba akigusa honi tutaonana. Wakaja kanga wakanywa wakaenda zao. Siafu mmoja alinipanda shingoni akatalii atakavyo. Saa mbili ya asubuhi ikapita.

Tandala alipotokea sikumwona akija. Alikuwa tu pale, hatua kama arubaini, nusu yake kichakani. Akasogea. Thelathini. Akasimama muda mrefu sana. Ishirini, na kidole changu kikaanza kunishawishi. Nikakikatalia. Nilimkumbuka yule wa kwanza na pembe zake mchangani, nikasema moyoni, huyu hapana, huyu simwachii fisi. Akapiga hatua nyingine, na nyingine, akainamisha ile shingo yake iliyoraruka kwenye maji.

Kumi na tano. Nikalenga paja, kiganja kimoja juu.

Puf.

Sindano ikakaa pajani na mkia wake mwekundu. Tandala akatikisa ngozi, akageuka kuitazama kama inzi amemuuma, akarudi kunywa. Akarudi kunywa, jamani! Hapo ndipo nilipoogopa kweli, kwamba atalala na pua ndani ya birika afe maji mbele yangu. Nilijizuia kusimama. Dawa ikampanda taratibu, akarudi nyuma hatua mbili, akayumba, akapiga magoti kwenye tope kwa heshima zake zote. Nikapiga mbinja.

Tukakimbia. Nilimfunika macho kwa leso yangu na kumshika kichwa kiinuke apate kupumua. Daktari akaukata waya kwa koleo, akauvuta kutoka kwenye nyama polepole, akaosha, akapaka dawa, mikono yake haina haraka. Dereva alikuwa ameshika pembe upande wa pili, kimya kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Kisha daktari akamchoma sindano ya kumwamsha, tukarudi nyuma.

Tandala alisimama. Akatutazama mmoja mmoja, akaingia kichakani kwa miguu yake akitembea, hakukimbia. Mimi nililia na kucheka kwa pamoja, siafu bado yuko shingoni, na sioni haya kusema kwamba nilicheza pale kwenye tope na buti zangu. Dereva aliokota ule waya, akaukunja, akanipa. Aliniambia, bila utani, kwamba chai ya kesho ataipika yeye.

Aliipika, na ilikuwa na majani mengi mno. Tulikuwa hata hatujaimaliza redio ilipoita: kulungu jike, waya mguuni, upande wa mlimani. Nilidhani nitabeba maji. Daktari akanipa bunduki mbele ya wote, akachukua kisanduku cha fataki akakipakata mwenyewe kwenye kiti cha nyuma.

Tulimkuta kulungu amesimama kivulini. Nikashuka, nikatambaa, daktari nyuma yangu akitambaa pia, mtu mzima na miwani yake. Tulipofika hatua kumi na tano nilinyoosha mkono nyuma bila kugeuka, nikamnong'oneza.

"Nipe ya majani."

Akaniwekea kiganjani ya kahawia.